Mzigo wa Vijiti

Mwaka ambao dume jekundu la Mzee Malale lilishindwa kazi, Monika alikuwa ametimiza miaka sita kwenye boma lile bila kushika mimba, na watu wa Sitalike walikuwa wamezoea kumwita Monika tu. Wenzake wote walikwishapata majina kwa watoto wao. Kulikuwa na Mama Kulwa, Mama Holo, Mama Gabrieli. Hata yule mwanamke wa kioski, ambaye mtoto wake alikaa duniani siku nane akaondoka, bado aliitwa Mama Ponsian, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya jina hilo. Monika hakuwa na wa kumpa jina. Ukisikia mtu anaita "Monika" kutoka barabarani, ulijua anayeitwa ni nani, na ulijua pia kwa nini anaitwa hivyo.

Mama mkwe wake alizaliwa akapewa jina la Minza, lakini aliyelikumbuka alikuwa nani? Mama Makoye, basi. Alizaa watano. Wawili walikufa kwa degedege wangali wanatambaa, wawili walikuwa wasichana wakaolewa mbali, akabaki Makoye peke yake, mume wa Monika, wa kiume, nguzo ya mji. Kwa hiyo kila asubuhi macho ya Minza yalipita kwenye tumbo la mkamwana wake, kama mtu anavyotazama chungu kilichokawia kuchemka. Alitazama tu, akaendelea na kazi.

Na bado alimpenda. Monika alikuwa Mpimbwe wa Usevya, wa watu wa mpunga na wa kanisa, mwenye rozari ndogo nyeusi shingoni, aliyefika kwa Wasukuma wale akiwa hajui hata kushika chuchu ya ng'ombe. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anakamua. Alijifunza kufukiza vibuyu vya maziwa mpaka vikatoa harufu ile inayotakiwa, isiyozidi wala isiyopungua. Na yeye akamfundisha Minza kupika wali wa punje moja moja, maana Minza miaka yote alipika wali kama anasonga ugali. Jioni, bila kuambiwa, alimwekea mama mkwe wake maji ya moto kwenye beseni, akatia chumvi, akasema, "Weka miguu, mama." Katika mji ule hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba Minza ana magoti.

Sasa, habari ya dume. Lilikuwa dume zuri la kutazama, nundu kama kichuguu, na Malale alipenda kusimama kando yake wageni wakija. Lakini majike yalipandwa mwezi wa tatu, mwezi wa nne yakapandwa tena, mwezi wa tano tena, wala hayakushika. Malale akamwita bwana mifugo. Akaja na pikipiki yake, akavaa glavu, akawaambia wanaume walifunge dume kwenye mti, akainama nyuma akapapasa kwa muda mrefu. Monika alikuwa anaosha vibuyu karibu na uzio. Minza alikuwa anachambua maharage juu ya ungo. Wote wawili walisikia.

"Mzee, ng'ombe wako hawana shida," alisema bwana mifugo. "Majike kumi na mawili hayawezi kuwa magumba kwa mpigo mmoja. Hapa tatizo ni dume. Mapumbu yake yamesinyaa, yamekuwa magumu. Mbegu hakuna."

Malale alicheka mpaka akakohoa. Alisema kumbe miezi yote hiyo alikuwa analisha pambo. Wiki ile ile dume likapelekwa mnadani, likaja jingine, jeusi lenye baka jeupe kifuani. Hili jipya lilikuwa na alama ya mwenyewe wa zamani, pengo la pembe tatu kwenye sikio la kulia. Alama ya Malale ilikuwa pengo la mviringo sikio la kushoto, na ndiyo iliyomsaidia kutambua ng'ombe wake wakipotea upande wa hifadhi. Makoye akauliza kama walikate upya. Baba yake akasema liacheni, alama ya dume haina kazi, ndama watakaozaliwa humu zizini ndio watatiwa alama ya kwetu, nao watakuwa wa kwetu.

Mvua zilipoanza, majike yote yalikuwa na mimba.

Siku ile ya bwana mifugo, wanaume walipoondoka zizini, Monika aliinamisha kibuyu maji yakatoka yote, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mama mkwe wake: "Mama, kwa ng'ombe mmeanza na dume. Kwangu mmeanza na mimi."

Minza alimwambia maneno kama hayo hayasemwi uani. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, likakwama kooni kama mwiba wa perege, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Kwa sababu Minza alikuwa na jambo lake, alilokaa nalo miaka kumi na mbili.

Lilitokea mwaka wa kuhama, walipotoka Maswa na mifugo yao kutafuta malisho. Walikuwa wamepiga kambi msituni upande wa Inyonga, wanasubiri ng'ombe wapumzike. Makoye alikuwa na miaka kumi na saba, ndevu ndiyo zinaanza. Asubuhi moja akaamka mashavu yamevimba, shingo imepotea. Machubwichubwi. Watu wakacheka, maana huo ni ugonjwa wa watoto wadogo, na yeye alikuwa mtu mzima wa kusukuma mkokoteni. Minza akafanya kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Akaokota vijiti vikavu, akavifunga mzigo mdogo kwa kamba ya gome, akamtwisha kijana wake kichwani. Makoye akazunguka kambi mara saba, watoto wakimfuata kwa vicheko, huku akisema maneno yenyewe: machubwichubwi sikutaki, nenda na atakayekuokota. Halafu akaenda mpaka njia panda, akaubwaga mzigo, akarudi bila kugeuka nyuma. Ndivyo ilivyo. Ugonjwa unabaki kwenye vijiti, na atakayeviokota kwenda kuwashia moto, amejichukulia.

Mashavu yalinywea siku ya nne. Siku ya tano Makoye hakuweza kutembea. Homa ilirudi kwa nguvu, na kijana akamwita mama yake, hakumwita baba. Akamwonyesha kwa aibu, amegeuza uso upande wa turubai. Korodani zote mbili zilikuwa zimevimba, nyekundu, kila moja kama limau kubwa. Minza alimkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na majani, wiki mbili, mchana baada ya mchana, akimfukuzia nzi. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekanda, yeye ndiye aliyeona uvimbe ulipokwisha. Hazikurudi zilivyokuwa. Zilibaki ndogo, kama karanga zilizokosa mvua ndani ya ganda.

Alimwambia mume wake. Malale alichokonoa moto kwa kijiti, akasema hili lisivuke hapa, kijana ana kuoa mbele yake, nani atampa binti? Minza akakubali. Na miaka ilivyokwenda, akajifariji. Makoye alitoka kifua, sauti ikawa nzito, akaoa, na vitanda havina siri kwenye nyumba za udongo. Mwanaume alikuwa mwanaume. Minza alijua hivyo tu. Kwamba mtu anaweza kuwa na jembe, akalima usiku na mchana, na mfukoni hana mbegu, hilo hakuna aliyemfundisha. Darasa la saba la wakati wake halikufika huko.

Kwa hiyo alimchemshia Monika mizizi. Miaka minne alimchemshia. Mizizi ya kusafisha tumbo, mizizi ya kupasha moto tumbo, ile michungu ya mganga wa Mishamo iliyomfanya Monika atapike mpaka akatoa maji ya kijani. Minza ndiye aliyemshika paji la uso wakati anatapika. "Jikaze, mwanangu," alimwambia.

Baada ya yale maneno ya pale uzioni, Minza mwenyewe ndiye aliyetaka waende hospitali. Walisikia redioni kwamba daktari bingwa wa akina mama amekuja Mpanda kwa wiki mbili. Waliwaaga wanaume kwamba wanafuata dawa ya magoti, wakapanda Noah ya abiria ya saa kumi na mbili asubuhi.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, asiye na haraka. Alichukua karatasi, akaigeuza nyuma palipo peupe, akachora. Minza akaona kichwa cha ng'ombe chenye pembe mbili, akakisema. Daktari akafurahi, akasema basi tukae na ng'ombe wetu huyo huyo. Kichwa ni nyumba ya mtoto, akaeleza, na pembe ni mirija, na kwenye ncha ya kila pembe pana kifuko cha mayai. Kila mwezi yai moja linakomaa, linatoka, linaingia kwenye pembe, linakaa humo kama siku moja hivi likisubiri. Likikutwa na mbegu ya mwanaume, mimba inatungwa, inashuka taratibu mpaka kwenye nyumba, inajishikiza. Lisipokutwa, linakufa, na nyumba iliyokuwa imetandikwa tayari inatanduliwa. Hiyo ndiyo damu ya mwezi. Yai ni dogo, aligusa karatasi kwa ncha ya kalamu, hivi. Mbegu ni ndogo zaidi, zina mikia, zinatoka mamilioni kwa mara moja, na inayoingia ni moja tu.

Monika aliuliza kama maji ya mwanaume yanaweza kutoka na yasiwe na mbegu.

Daktari akasema yanaweza. Kwa macho huwezi kujua. Mwanaume anakuwa mzima kwa kila kitu, ila ndani ya maji yale hamna kitu.

Minza alitazama ile pembe ya kushoto kwenye karatasi.

Vipimo vya Monika vilichukua siku tatu. Alipigwa picha baada ya kuingizwa dawa kwenye mirija, akatolewa damu. Majibu yakaja: mayai yapo, yanatoka, mirija yote miwili iko wazi. Daktari alisema mbele ya Minza, kwa maneno ambayo hata mtoto angeelewa, kwamba mwanamke huyu hana kasoro. Sasa anataka mbegu za mwanaume, kwenye kikopo, zikapimwe nazo. Akampa Monika kikopo cheupe chenye kifuniko.

Kikopo kile kilizua kicheko Sitalike. Makoye alikishika kwa vidole viwili mbele ya baba yake na majirani, akasema, "Mimi si dume la kupapaswa na bwana mifugo." Watu wakapiga makofi. Kesho yake Minza alikikuta jikoni, mtu ameshatia chumvi ndani.

Walirudi mara ya mwisho, siku mbili kabla daktari hajaondoka. Safari hii daktari alimwomba Monika akae nje kidogo kwenye benchi, akafunga mlango, akamgeukia Minza.

"Mama, nataka uniambie jambo moja. Huyu kijana wako aliwahi kuugua machubwichubwi akiwa mkubwa, amebalehe? Yakashuka huku chini?"

Akaongeza kwamba si wote wanaoharibika. Wengi wanapona salama. Lakini ikiwa zilivimba zote mbili, zikasinyaa, atakuwa na la kuandika, na mzigo utamtoka huyu binti. Hata kama mwanaume hatapima, yeye ataandika.

Ukutani palikuwa na bango la mwanamke anayenyonyesha. Minza alilitazama. Alimwona mwanawe amegeuza uso upande wa turubai. Akaona watu wa Sitalike na vicheko vyao, akamwona Makoye akipita kati yao.

"Hapana, daktari," alisema. "Tangu utoto wake ni mzima."

Daktari aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, na Minza alisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Alipotoka nje, Monika alikuwa amenunua andazi, amekula nusu, nusu ameifunga kwenye karatasi. Akamkabidhi. "Nimekuwekea, mama. Hujala tangu asubuhi." Minza akala. Afanye nini? Alikula lote, mbele yake.

Kiangazi kilichofuata Malale alimwolea mwanawe mke wa pili, Jeniffer, binti wa Misunkumilo, aliyesoma sekondari mpaka kidato cha tatu, kisha nyumbani kwao wakashindwa kuendelea kumlipia ada. Nyumba yake ilikandikwa kwa mikono ya Monika. Alikanyaga udongo, akapaka kuta, akalainisha kwa kiganja, na majirani waliopita walisema kweli mgumba ana moyo. Jeniffer alikuwa mcheshi, mwenye simu, na kila Jumamosi alikwenda Mpanda kumsaidia shangazi yake kuuza nguo za mtumba. Mwezi wa tano tangu aolewe alianza kutapika.

Mji ulilipuka. Malale alichinja mbuzi. Makoye alikuwa anatembea kama ameongezwa urefu, akipita kioskini anasalimia wa karibu na wa mbali. Na kila salamu ya pongezi aliyopewa, ilikuwa jiwe jingine juu ya Monika. Sasa ilikuwa imethibitika, dume halina kasoro. Hata wale waliokuwa wanamtetea kanisani walinyamaza.

Minza alikwenda kwa Jeniffer asubuhi moja, akamkuta anakaanga karanga. Akakaa kwenye kigoda, akazungumza habari za kichefuchefu, za kula ndimu, kisha akazungukia, akauliza huyo shangazi wa Mpanda biashara yake inaendaje, mbona ilihitaji msaada kila Jumamosi, na siku hizi tena haihitaji.

Jeniffer hakuacha kukoroga karanga. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, lakini macho aliyomwinulia mama mkwe wake yalikuwa ya mtu mkubwa.

"Mama, hayo mambo ya mbegu mimi nilifundishwa darasani, na mwanenu ninalala naye, naona alivyo," alisema. "Nambie wewe. Nyie hapa mnataka mtoto, au mnataka kujua?"

Minza akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri. Alisema karanga zinaungua. Akatoka.

Haikupita wiki, Malale akatoa neno kwamba Monika arudi kwao. Alisema hana ubaya naye, ila mwanamke aliyekosa hawezi kukaa karibu na tumbo la mwenzake, jicho lina sumu hata kama moyo hauna. Makoye aliinama. Alimfungia Monika godoro kwa kamba, akalikaza vizuri, fundo juu ya fundo, kisha akaenda machungani kabla basi halijafika.

Minza ndiye aliyemsindikiza barabarani, na beseni la vyombo kichwani. Walisimama chini ya jua, godoro katikati yao. Basi la kwenda Kibaoni lingepita hapo, likakatiza hifadhi, likamshusha Usevya kabla ya magharibi. Monika alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakuwa analia.

"Mama," alisema. "Sitaki kurudi humo. Nataka kitu kimoja tu. Daktari alisema mbele yako kwamba mimi si mgumba. Rudi uwaambie hilo. Usiseme la mtu mwingine, sema hilo tu. Nifike kwa baba yangu na jina langu."

Lilikuwa neno dogo. Halikumtaja Makoye, halikutaja kambi ya Inyonga. Lakini Minza aliona linapokwenda. Kama huyu hana kasoro, watu watauliza. Wakiuliza, watahesabu Jumamosi. Na ndani ya nyumba ile ya udongo mpya palikuwa na tumbo la miezi minne, na yeye alikuwa amesubiri kusikia kilio cha mtoto mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

"Mungu anajua, mwanangu," alisema.

Monika alimtazama kwa muda. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali, bali kama mtu aliyekuwa na swali akapata jibu la swali jingine. "Kumbe na wewe unajua," alisema. Basi likaja. Utingo akarusha godoro juu. Monika akapokea beseni kutoka kichwani kwa mama mkwe wake, akasema, "Shikamoo, mama," kama siku zote, akapanda. Minza akasema marahaba kwa vumbi.

Jeniffer alijifungua salama, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Akapewa jina la Ndaki, babu yake Malale. Ndugu walikuja kutoka kila upande, na kama ilivyo kawaida, bibi mzaa baba ndiye alipaswa kumwinua mtoto na kusema amefanana na nani. Nyumba nzima ikamtazama Minza. Alimgeuza mtoto kushoto, akamgeuza kulia. Pua haikuwa ya kwao. Paji la uso halikuwa la kwao. Akasema masikio ni ya Makoye. Alichagua masikio kwa sababu ya watoto wachanga wote yanafanana. Wanawake wakapiga vigelegele, na Makoye akacheka akiwa amejishika sikio lake mwenyewe.

Mtoto alikuwa ameshaanza kusimama, habari ilipofika. Ilifika na lori la mpunga kutoka Usevya, ikashukia kioskini kwa Mama Ponsian, siku ambayo Makoye alikuwa amekwenda kununua betri za redio. Dereva alieleza bila kujua anamweleza nani: yule Monika aliyerudishwa na Wasukuma aliolewa na Melkiadi, katekista aliyefiwa na mke, na haukupita mwaka, kazaa. Binti. Wamebatiza Katarina. Wapimbwe wanasema Wasukuma walikuwa hawajui kupanda. Waliokuwepo wakacheka, halafu mmoja mmoja wakakumbuka nani yupo, wakanyamaza. Mama Ponsian akampa Makoye betri zake, akakataa kumtazama.

Minza aliambiwa na jirani kabla mwanawe hajafika. Alikuwa ukumbini mwa nyumba, anamlisha Ndaki uji wa ulezi. Alijaribu jina lile mdomoni, bila sauti. Mama Katarina. Lilikaa vizuri. Furaha ilimjia, akaishangaa, na nyuma yake ikaja nyingine isiyo furaha.

Makoye alifika jua likiwa bado juu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake. Betri alizishika mkononi.

"Mayu, Monika amezaa."

"Nimesikia."

Alichora chini kwa kidole cha mguu. Ng'ombe walikuwa wanasikika mbali, wanarudi kutoka mtoni. Mwanaume huyu alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe. Hesabu ya majike na madume haikuhitaji kalamu.

"Mwaka ule wa Inyonga," alisema. "Nilipoumwa. Wewe ndiye uliyenikanda. Nilipona?"

Minza alichota uji kwa kijiko, akaupuliza. Sasa alikuwa ameulizwa na mwenye mwili wake mwenyewe. Akisema kweli, Monika hatarudi. Ameshapata mji wake. Jeniffer ndiye atakayesimama barabarani na godoro. Na huyu mwenye mdomo wazi hapa magotini anayesubiri kijiko, ataitwa mtoto wa Jumamosi mpaka siku ya kufa kwake. Asiposema, mambo yote yatabaki yalivyo. Kweli ilikuwa na siku zake, mbili, moja mbele ya daktari na moja barabarani, na zote alizipitisha. Sasa ilikuwa kama lile yai, imeshakufa ndani ya pembe.

"Ulipona, mwanangu," alisema. "Tulifunga vijiti. Ulizunguka mara saba, ukaubwaga mzigo njia panda, ukarudi bila kugeuka nyuma. Nilikuwa nakuangalia."

Makoye alizigeuza betri kiganjani.

"Na nani aliuokota?"

Minza akamfuta mtoto kidevu. Akakifuta tena, ingawa kilikuwa kikavu.

Makoye akaweka betri chini. Akanyoosha mkono, akashika sikio la kushoto la mtoto kati ya kidole gumba na cha shahada, akalifungua taratibu, akalitazama nyuma na mbele, kama anavyotazama la ng'ombe aliyeokotwa upande wa hifadhi kabla hajamdai. Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo.

"Ulisema masikio ni yangu."

"Ndiyo."

"Basi ni yangu," alisema. Akaliachia.

Akasimama, akaenda kufungua zizi. Dume jeusi lilikuwa limetangulia, na nyuma yake ndama, kila mmoja na pengo la mviringo sikio la kushoto. Minza alibaki na bakuli mkononi. Uji ulikuwa umefanya utando juu. Magoti yalikuwa yanamuuma, na beseni la kuwekea miguu lilikuwa palepale lilipoegemezwa ukutani, kavu, tangu siku ile ya basi.